Maswali ya Mama Mkwe

Pale kazini kwetu chai ya saa nne hainyweki bila habari za mitambo. Sisi watu wa kompyuta tunakaa meza ya pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka, na kila mtu huja na lake. Alhamisi ile aliyeanza alikuwa Toleo Jipya, dada anayetengeneza programu ya simu ya kampuni yetu ya bima. Tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kumaliza mwaka na simu ile ile.

"Mmeiona simu iliyotangazwa jana?" aliuliza. "Inakunjwa mara mbili. Ukiifungua inakuwa pana kama kitabu."

"Na ikianguka unaokota vipande vitatu badala ya kimoja," akasema Mzee wa Seva, ambaye analinda chumba cha mitambo na bado anatumia simu ya vitufe. "Yangu mimi nikiiangusha, naihurumia sakafu."

"Mimi swali langu moja tu," akadakia Kiraka. "Itapewa apdeti za usalama mpaka lini?"

Meza nzima ikacheka, maana hilo ndilo lililompa jina. Umwambie habari ya simu, ya benki, ya friji inayoongea, yeye atakuuliza kama tundu zake zimezibwa na nani ameweka viraka. Ndiyo kazi yake na yangu: kulinda mifumo ya kampuni, yeye kwa kuijaribu kama mwizi, mimi kwa kuifunga kama mwenye nyumba.

Nami nilicheka, ila nilicheka nikiwa nimemtazama vidole. Ana vidole virefu, na akishika kikombe hukishika kwa viganja vyote viwili kana kwamba kitaibiwa. Akanitupia jicho la haraka, akalirudisha kwenye chai. Tulikuwa tunapendana, na meza nzima ilijua, ingawa sisi wawili tulijidai kwamba haijui. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo angekwenda nyumbani kwetu kujitambulisha kwa mama yangu.

"Haya, na hii ya sauti mmeisoma?" Toleo Jipya akaendelea, kidole kikipandisha skrini. "Matapeli sasa wanaiga sauti ya mtu. Wanaokota sauti yako kidogo tu mtandaoni, kompyuta inakusemea. Mzazi anapigiwa, anamsikia mwanawe analia, kumbe mwanawe yuko darasani."

"Ndiyo maana sisi nyumbani tuna neno la siri," nikasema. "Anayepiga akiwa na jambo zito lazima alitaje kwanza. Asipolitaja, tunakata, hata awe na sauti ya nani."

"Nani analijua?" akauliza Mzee wa Seva.

"Mama, kaka yangu na mimi. Shangazi hajapewa, amenuna mpaka leo. Lakini shangazi akijua jambo, mtaa umejua."

"Basi ngojeni niwape ya kwangu ya jana," akasema Kiraka. Akasogeza kikombe, akakaa vizuri. Si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo akikaa vizuri tunanyamaza. "Jana jioni nimepigiwa na tapeli. Na sisemi tapeli wa hivi hivi. Huyu mama ana kipaji."

"Namba ngeni?"

"Ngeni kabisa. Sauti ya mama mtu mzima, imetulia, imejaa heshima. Ananiita mwanangu. Ananiambia, 'Mwanangu, mimi ni mama mkwe wako mtarajiwa.'"

Wakaangua kicheko. Mimi nilitabasamu nusu, na ile nusu nyingine ikakataa kuja.

"Halafu maswali sasa. Jina lako kamili nani? Ulizaliwa lini? Ulizaliwa wapi? Shule ya msingi ulisoma ipi? Mama yako jina lake nani, na kabla hajaolewa aliitwa nani?" Kiraka akahesabia kwa vidole vyake virefu. "Yaani maswali yale yale ambayo benki inakuuliza ukisahau nywila. Hakuruka hata moja. Nikasema huyu amesomea."

Kikombe changu kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Nikakirudisha mezani.

"Na nyuma yake," niliuliza, sauti ikinitoka nyembamba, "nyuma yake ulisikia nini?"

Akafikiri. "Kama mashine. Inakwenda, inasimama, inakwenda, inasimama. Feni mbovu ya ofisini kwao, labda. Na kulikuwa na mwenzake anamnong'oneza maswali. Wanafanya kazi kwa timu hao."

"Wewe ukafanyaje?"

"Tunavyofundisha watu kila siku. Sikumpa hata herufi. Nikamwambia, 'Mama, umri umekwenda huo, tafuta kazi halali.' Nikakata. Nikaizuia namba, nikairipoti kampuni ya simu, na mnajua ripoti zetu kule hazipangi foleni. Asubuhi hii wamenijibu kwamba laini imefungwa."

Mzee wa Seva akampigapiga begani kwa fahari. Toleo Jipya akasema hiyo aiandike kwenye jarida la wafanyakazi. Mimi nilisimama.

"Kiraka, njoo mara moja."

Nilimpeleka kwenye korido ya chumba cha mitambo, ambako viyoyozi vinavuma na mtu wa pembeni hasikii kitu. Alisimama mbele yangu akitabasamu, akidhani nina neno tamu. Nilimpenda hapo kuliko siku zote, nikamhurumia kwa jinsi tabasamu lile lilivyokuwa linakwenda kufa.

"Ile mashine uliyoisikia si feni," nikasema. "Ni cherehani."

"Cherehani ya nani?"

"Ya mama yangu. Anashona magauni ya harusi, si nilikuambia? Na anayenong'ona ni shangazi. Juzi amenunua laini mpya ya wateja. Namba yako nilimpa mimi, na akaniahidi atasubiri Jumapili. Ila mama akiahidi kusubiri, shangazi humsaidia kutosubiri."

Aliegemea ukuta. Nilimwona akirudi nyuma neno kwa neno, kama anavyosoma kumbukumbu za mfumo uliovamiwa.

"Nimemwambia atafute kazi halali."

"Umemwambia."

"Na kwamba umri umekwenda."

"Hilo nalo."

"Na laini..."

"Ya wateja. Watu wana harusi zao."

Akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu. "Tuahirishe Jumapili. Nipe muda nimwandikie, nimwombe radhi, mambo yapoe. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini sakafu inafutwa. Jumapili unakuja."

"Atanirudia maswali yale yale."

"Yote."

"Hata la mama yangu?"

Mama yake alikuwa amefariki kabla sijamjua, na hilo tu ndilo nililokuwa nalijua. Nikilikaribia jambo lenyewe, aliligeuza mazungumzo kwa upole, au alishika mkono wangu akanyamaza. Nilimpenda pamoja na chumba kile alichokifunga, na sikuwahi kuutikisa mlango.

"Hata hilo," nikasema.

"Unajua mimi sijawahi kumpa mtu habari zangu."

"Najua. Tarehe yako ya kuzaliwa uliniambia kwa kunong'ona, bustanini, simu zetu zote zikiwa zimezimwa." Nikamshika mkono, kwenye korido ya kazini, jambo tulilokuwa hatulifanyi. "Nisikilize. Mimi sitaki kuolewa kwa kutoroka, na sitaki kuolewa na mtu mwingine. Kwa hiyo kuna njia moja tu, nayo inapita sebuleni kwa mama. Utapita?"

Alinitazama, na katika macho yake niliona hofu imekaa na mapenzi yamesimama.

"Nitapita," akasema.

*

Jioni nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani kando ya dirisha, vitambaa vyeupe vimeninginia kila mahali, na sanamu ya kupimia nguo ambayo utotoni niliiogopa. Mama alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Shangazi alikuwa kwenye kochi. Baba yangu hayupo tena duniani, na upande wake husemewa na shangazi, ambaye kwa kusema hakupunjwa.

"Karibu, bibi harusi," akaanza shangazi. "Bwana harusi wako ametutukana na kutufungia laini. Tumeshinda kwenye foleni na vitambulisho mkononi kama wakimbizi, tunaambiwa tumeripotiwa kuwa matapeli."

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake. Akikasirika anafanya vitu polepole. "Amenikatia simu," akasema. "Mimi nimemwita mwanangu, yeye ananiambia nitafute kazi halali. Mikono hii imewavalisha mabibi harusi wa mji mzima."

"Mama, hakujua ni wewe."

"Nilijitambulisha."

"Na mtafute mtandaoni uone," shangazi akadakia. "Nimemtafuta mchana kutwa, pale pale foleni. Hayupo. Picha hana, ndugu hana, sherehe hakuhudhuria hata moja. Mwanamume asiye na picha ama ana mke anayemficha, ama ana mke anayemtafuta. Yule kijana wa duka la vipuri niliyekutajia, fungua ukurasa wake, utamwona mpaka anachokula asubuhi."

"Nilimwona, shangazi. Ndiyo maana simtaki."

"Lisemwalo lipo."

"Hili limesemwa na nani zaidi yako?"

"Basi," mama akasema, na sote tukabasi. Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Jumapili asije. Sitaki mtu wa kunidharau kabla hajanywa hata maji yangu."

Mimi nikishaamua huwa nimeamua, na tabia hiyo nimeirithi kwa huyo huyo niliyekuwa nabishana naye. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya magoti yake, mahali nilipokuwa nakaa nikisukwa nywele.

"Mama, nikuulize. Akikupigia mtu usiyemjua, namba ngeni, anajiita ndugu, anaanza kukuuliza ulizaliwa lini na mama yako anaitwa nani, nilikufundisha ufanye nini?"

Alinitazama akijua ninakokwenda. "Nikate."

"Na ukishakata?"

Akaishika futi yake.

"Mama."

"Niripoti," akasema shingo upande.

"Na kaka alipokupigia kwa simu ya rafiki yake, akasahau neno la siri, ulimfanya nini?"

"Nilimwambia mwanangu hana sauti mbaya hivyo, nikakata."

Shangazi alicheka bila kutaka, akakohoa kuficha. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama akainua kidevu. "Hayo ni kwa matapeli. Mimi ni mama yako."

"Ndiyo. Na yeye alifanya hilo hilo nililokufundisha. Angekuwa mtu wa kumwaga habari zake kwa kila anayemwita mwanangu, kesho angemwaga na za kwangu."

Mguu wake ukakanyaga cherehani kidogo, sindano ikaruka hatua chache mahali pasipo na kitambaa, ikasimama. Ile ndiyo sauti ambayo Kiraka aliidhania feni.

"Unampenda?"

"Nampenda, mama. Akichelewa kuja kazini mimi siioni skrini mbele yangu. Nampenda, na nataka unipe baraka yako, na sitoki hapa mpaka uniambie aje."

"Utalala kwenye kigoda."

"Nitalala."

Mama akapumua kwa pua. "Aje. Lakini nitamuuliza yale yale niliyomuuliza kwenye simu, uso kwa uso. Akinificha hata jibu moja, basi ndiyo mwisho, na wewe usiniletee tena habari zake ndani ya nyumba hii. Tumeelewana?"

"Na akijibu yote?"

"Jibu langu utaliona hapo hapo."

Nilikubali. Nilijua kuna jibu moja ambalo hata mimi sikuwa nalo.

*

Jumapili Kiraka alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mkononi hakuwa na kitu, kwa sababu nilimwambia zawadi ingeonekana rushwa. Alipofika mlangoni alivua viatu, akaingia, akainama mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

Mama alimwacha ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. "Marahaba."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema shangazi. "Kumbe una sura."

"Mama," Kiraka akasema, bado amesimama, "kabla sijakaa. Nilikutukana. Sikukujua, lakini maneno yale hayakumfaa hata tapeli wa umri wako. Nisamehe."

"Kaa," mama akasema. Hakusema amesamehe. Alikuwa kwenye kiti cha cherehani, futi shingoni, anamtazama kama anavyotazama mteja kabla hajampima. "Bega lako la kushoto limeshuka."

"Ni mkoba wa kompyuta, mama."

"Beba kulia." Akakunja mikono. "Haya. Tuanze pale ulipokata. Jina lako kamili."

Akalitaja. Shangazi akaegemea mbele kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani.

"Ulizaliwa lini?"

Akasema siku, mwezi, mwaka. Nilimwona kidole gumba kikisugua kiganja, kila jibu likimtoka kama jino.

"Wapi?"

Akasema mji, akaongeza na jina la zahanati.

"Shule ya msingi?"

Akaitaja, na jina la mwalimu aliyemfundisha kusoma. Hapo mama aliitikia kwa kichwa kidogo sana, nami nikaanza kupumua. Lakini shangazi hakuwa na mpango wa kunipa pumzi.

"Mbona huna picha?" akauliza. "Dunia nzima ina picha. Unajificha nini?"

"Wifi, zamu yako bado," mama akamwambia. Kisha akamgeukia Kiraka, na sauti yake ikashuka. "Mama yako anaitwa nani?"

Nje mtu alipita na redio, akaondoka nayo. Kiraka alitazama mikono yake. Nilitaka kumwambia mama aruke hilo, nilifungua na mdomo, lakini nilikumbuka makubaliano yetu nikaung'ata ulimi. Nilimtazama tu, nikimwambia kwa macho kila nilichokuwa nacho.

"Mama yangu amefariki," akasema mwishowe. "Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alikuwa mtu wa picha, shangazi. Wewe ungempenda. Kila sherehe, kila mtoto aliyejua kuandika jina lake, mama alipiga picha akaweka mtandaoni. Na alipenda kuimba. Sote tulikuwa na sauti yake kwenye simu."

Akagusa mfuko wa shati lake.

"Tulipomzika, haikupita muda, akaanza kuwaandikia watu. Matapeli walikuwa wameiba akaunti yake. Wakatumia picha zake, wakawaomba wazazi wa wanafunzi wake michango. Hilo tulilivumilia. Kisha wakachukua zile nyimbo wakaitengeneza sauti. Wakampigia bibi yangu, mama yake mzazi. Alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Akamsikia mwanawe anamwita. Nilimkuta ameshika simu kwa mikono miwili, analia kwa furaha, ananiambia, 'Mlinidanganya, yupo hai, nimeongea naye.'"

Shangazi aliteremsha mkono wake kutoka kidevuni.

"Ilinibidi nimwambie mara ya pili," Kiraka akasema. "Mara ya kwanza alikuwa na watu wa kumshika. Ile ya pili tulikuwa wawili tu. Hakupona kwa ile ya pili. Baada ya hapo nikafuta kila kitu changu, na kila cha mama. Nikasomea kazi hii. Na tangu siku hiyo, sauti ya mama yeyote ikinipigia kwa namba ngeni ikaniita mwanangu, mimi sioni mbele."

Machozi yalikuwa yananishuka wala sikuyafuta. Muda wote ule nilidhani mlango ule umefungwa kwa sababu hataki niingie. Kumbe alikuwa ameuegemea kwa mgongo, peke yake, ili mwingine asiumizwe na kilichomo.

Mama alikuwa ameshika futi yake kwa mikono yote miwili. "Na mimi ndivyo nilivyokupigia," akasema polepole. "Namba ngeni. Nikakuita mwanangu."

"Hukujua, mama."

"Wala wewe hukujua." Akakohoa. "Lakini swali langu hujalijibu. Anaitwa nani?"

Kiraka akalitaja jina la mama yake. Akataja na lile la kabla hajaolewa, lote, polepole, kama mtu anayeliweka mezani. Mimi siliandiki hapa, si langu la kugawa. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa picha ya karatasi, ncha zimelika, akampa mama. "Hii haijawahi kuingia kwenye kompyuta yoyote," akasema. "Imebaki hii moja."

Mama aliitazama sana. Akampa shangazi. Shangazi akaivuta karibu na uso, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona amekaa na jambo mkononi bila kulisemea. Alipoirudisha aliishika kwa pembeni ili asiichafue.

"Mna macho mamoja," akasema tu.

"Mwanangu," mama akamwita Kiraka, "sogea hapa."

Akasogea. Mama akamwelekeza ainame karibu na cherehani, kisha akatia kitambaa chakavu chini ya sindano na kukanyaga cherehani. Mashine ikavuma, chumba kizima kikajaa ile sauti. Nilijua anachofanya kabla sijaamini. Mama aliinamisha mdomo kwenye sikio la Kiraka, mguu haukuacha kukanyaga, akasema neno moja.

Shangazi alishaegemea mbele mpaka kochi likalia. "Wifi, umemwambia nini?"

Mama hakumjibu. Kiraka alikuwa amefumba macho. Midomo yake ikalirudia lile neno bila sauti, mara moja, kama anavyofanya akipewa kitu ambacho hakitakiwi kuandikwa popote. Alipofumbua, alinitafuta mimi kwanza.

"Miaka yote hii," shangazi akalalamika, "mimi dada wa marehemu nimenyimwa, na huyu aliyetufungia laini ndiye anapewa?"

"Huyu anajua kukata simu, wifi. Wewe hujawahi." Cherehani ikasimama. Mama akaitoa futi shingoni, akainyoosha begani kwa Kiraka, lile lililoshuka, akaliinua kwa kidole mpaka likalingana na mwenzake. "Sasa nikikupigia, uniulize hilo neno kwanza. Nikishindwa kulitaja?"

"Nakata, mama."

"Na nikilitaja?"

Akainua uso, akamtazama mama machoni.

"Naitika, mama."